Fataki za sikukuu: namna ya kuwalinda mbwa, paka na mifugo Kakiika na Nakivale

Itimiapo saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, anga la jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, hupambwa kwa fataki. Magari hupiga honi, vijana hupuliza filimbi na kugonga masufuria, na waumini waliokesha makanisani hushangilia. Kwa walio wengi hizo ni dakika chache za kufurahia kwamba mwaka umekwisha salama. Kwa mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba huko Kakiika, ni dakika za hofu asiyoweza kuielewa, wala hakuna awezaye kumweleza kwamba kishindo kile hakimkusudii mabaya.

Hasara huonekana asubuhi inayofuata. Mnyororo umekatika, ua umevunjwa, mbwa hayupo. Paka hajarudi. Katika banda la kuku, vifaranga wamelaliana kwenye pembe moja na wale wa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Mengi ya hayo huweza kuzuiwa kwa matayarisho yasiyogharimu fedha nyingi, mradi yaanze mapema, kabla watu hawajaanza kuhesabu dakika.

Kakiika iko upande wa kaskazini wa Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kutoka manispaa na kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Ni sehemu ambayo mji na shamba havijaachana: nyumba za kupanga zimepakana na migomba, na malisho ya ng'ombe hayako mbali na maduka. Familia nyingi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na mbwa huyo hulala nje, kwani kazi yake iko nje. Mazoea hayo yana maana yake katika usiku wa kawaida. Usiku wa fataki huyageuza kuwa hatari.

Katika wilaya jirani ya Isingiro yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini mwao. Leo yana zaidi ya watu 150,000, waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Fataki kubwa za hotelini si jambo la kila mahali huko, lakini baruti ndogo za watoto, ngoma, vipaza sauti na mabati yanayogongwa huweza kumtia mnyama hofu ileile. Na mnyama huyo ana thamani isiyopimwa kwa upendo tu. Mbwa hulinda nyumba na shamba. Paka huzuia panya wasiyamalize mahindi na maharage. Mbuzi wawili au watatu huweza kuwa ndiyo akiba yote ya kaya, itakayouzwa mtoto atakapodaiwa ada ya shule au mtu atakapougua.

Masikio yasiyofanana na yetu

Sikio la binadamu mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufikia takriban 45,000, na paka hupita hapo, hadi karibu 64,000. Maana yake ni kwamba mluzi wa fataki inayopaa, ambao mtu huusikia kama mlio mwembamba tu, kwa wanyama hao una sehemu nyingine nzima ya sauti ambayo sisi hatuipati. Ukubwa wa mlipuko nao si wa kupuuzwa. Karibu na mahali panaporushwa fataki, kishindo huweza kufikia desibeli 150, ilhali sikio la mtu huanza kuuma kati ya desibeli 120 na 140.

Hata hivyo, ukubwa wa sauti peke yake hauelezi kila kitu. Mbwa anayeishi kando ya barabara kuu ya Mbarara huzoea malori yenye kelele kubwa kuliko baruti ya mtoto. Tofauti ni kwamba lori hutangulia kusikika kwa mbali, hukaribia, hupita na kutokomea. Fataki haina mwanzo wala mwelekeo. Hulipuka juu, kisha upande wa kushoto, kisha kimya, kisha tena nyuma ya nyumba, na kila mlipuko huja na mwanga mkali na harufu ya moshi wa baruti. Mnyama hukosa mahali pa kuelekeza masikio na mahali pa kukimbilia. Nyumba ya mabati huongeza taabu, kwa kuwa bati hutetemeka na kuirudia sauti. Na palipo na turubai badala ya ukuta, hakuna kinachoipunguza.

Mwilini mwa mnyama hutokea kile kinachotokea kwa mtu aliyeshtuka sana: moyo huenda mbio, damu hujaa homoni za hofu, misuli hujiandaa kukimbia. Dalili nyingine huonekana wazi, kama kutetemeka, kuhema bila ya joto, kutokwa na udenda, kuufyata mkia na kujikojolea. Nyingine ni za kificho na wenye mbwa wengi huzikosa. Mbwa anayepiga miayo mfululizo ilhali hana usingizi, anayejilamba midomo bila ya kuwa na chakula mbele yake, au anayekataa kipande cha nyama ambacho jana angekipigania, ameingiwa na hofu. Anayezunguka chumbani bila kutulia hana ukaidi. Anatafuta njia ya kutoka.

Hofu hii ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, uliohusu mbwa 1,225 na kuchapishwa mwaka 2019, zaidi kidogo ya nusu ya wenye mbwa walisema kwamba wanyama wao huziogopa fataki kwa kiwango fulani. Ikumbukwe pia kwamba hofu hujifunza. Mbwa aliyeshtuliwa vibaya mwezi Desemba huweza kuanza kuogopa na ngurumo za radi mvua za Machi zinapoanza, na Uganda ni miongoni mwa nchi zinazopata radi nyingi. Usiku mmoja uliosimamiwa vibaya huweza kumharibia mnyama miaka.

Kumbembeleza si kumdekeza

Kuna ushauri wa zamani, unaorudiwa hadi leo, kwamba mbwa mwenye hofu asishikwe wala asisemeshwe, kwa sababu kumbembeleza ni kumfundisha kuogopa zaidi. Ushauri huo hauna msingi. Hofu ni hisia, na hisia haiongezeki kwa kupewa faraja, kama vile mtoto anayelilia giza hazidi kuliogopa giza kwa kushikwa mkono. Mbwa akimjia mwenyewe na kujiegemeza miguuni pake, aachwe akae. Ashikwe taratibu, asemeshwe kwa sauti ya chini. Lisilofaa ni kumfuata alikojificha na kumvuta atoke, au kumpigia kelele anyamaze: hapo mnyama hupata sababu ya pili ya kuogopa, nayo iko ndani ya nyumba.

Mtafiti Stefanie Riemer wa Bern alikwenda mbali zaidi na kuwauliza wenye mbwa njia walizozitumia na kama zilifaa. Iliyoongoza ilikuwa rahisi kupita zote. Kila fataki inapolipuka, mbwa hupewa mara moja kitu akipendacho, kipande cha chakula au mchezo, bila kujali kama ametulia au la. Zaidi ya asilimia 70 ya walioitumia walisema iliwasaidia. Nguo za kumbana mbwa mwili zilifika asilimia 44, na vipulizio vya harufu pamoja na dawa za mitishamba zilikuwa karibu na asilimia 30. Kwa msomaji wa Kakiika au Nakivale hiyo ni habari njema: njia iliyofaa zaidi haihitaji duka la bidhaa za wanyama. Vipande vidogo vya nyama, dagaa wachache au mabaki ya ugali yaliyochanganywa na mchuzi vinatosha, mradi mlio uje kwanza na chakula kifuate papo hapo. Baada ya muda mbwa huanza kuuhusisha mlio na neema badala ya balaa.

Wenye nafasi ya kuanza wiki kadhaa kabla wana njia nyingine, nayo ni ya subira. Sauti ya fataki iliyorekodiwa huchezwa kwa simu, chini kabisa kiasi cha kusikika kwa tabu, wakati mbwa anakula au anacheza. Siku baada ya siku sauti huongezwa kidogo. Akionyesha dalili yoyote ya hofu, sauti imepandishwa haraka mno na yafaa irudishwe chini. Kuanza zoezi hili siku mbili kabla ya sikukuu hakuna faida. Linafaa zaidi kwa watoto wa mbwa, ambao kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14 hujifunza yapi ulimwenguni ni ya kawaida na yapi ni ya kutisha.

Mchana wa tarehe 31

Mbwa apate matembezi marefu au mbio za kutosha mchana, ili jioni awe amechoka. Ale mapema kabla ya giza, kwa sababu milipuko ikianza wengi hukataa chakula, na mnyama aliyeshiba hulala kwa urahisi zaidi. Amalize haja zake kabla ya saa tatu za usiku, kwa kuwa si vyema kumtoa nje tena hadi vishindo vitakapokoma.

Jambo muhimu kuliko yote ni mahali atakapokuwa. Mbwa wa ulinzi ambaye mwaka mzima hulala uani aingizwe ndani usiku huo mmoja. Wenye nyumba wengi husita hapa, wakihofia kwamba wezi hutumia vurugu za sikukuu. Hoja hiyo ina uzito, lakini mbwa aliyepagawa kwa hofu halindi chochote, na aliyetoroka halindi hata kesho yake. Mlango wa ndani uliofungwa, mbwa akiwa nyuma yake, bado ni ulinzi.

Asiyeweza kumwingiza ndani, basi na amfungie katika banda imara lenye kuta na paa, lililofunikwa kwa magunia au mablanketi mazito, pakiachwa nafasi ya hewa. Kumwacha amefungwa mnyororo au kamba mahali pa wazi ni kosa kubwa. Mbwa anayejaribu kuruka ua huku shingo imefungwa huweza kujinyonga, na kamba ndefu humzonga miguu hadi ikamuumiza.

Katika nyumba ya chumba kimoja, kama zilivyo nyingi Nakivale, haitakiwi kutafutwa sehemu ya pekee. Pembe iliyo mbali na mlango, nyuma ya magodoro au chini ya kitanda, hufaa vizuri. Mnyama hupenda kufunikwa pande zote. Sanduku la maboksi lililolazwa ubavu na kutandikwa nguo kuukuu yenye harufu ya mwenyewe humpa pango. Madirisha yafunikwe kwa kanga au blanketi kuzuia mwanga, na taa ndogo iachwe ikiwaka ili mmweko wa nje usionekane mkali. Redio iwashwe mapema, kwa sauti ya wastani, kabla ya mlipuko wa kwanza: mazungumzo au muziki wa taratibu usiokatika hupunguza ule mpasuko kati ya ukimya na kishindo. Kuifungulia kwa sauti ya juu kabisa ili ishindane na fataki ni kumwongezea mnyama kelele ya pili.

Tahadhari moja haina budi kusemwa kwa mkazo. Mnyama, sawa na mtu, asifungiwe katika jiko au chumba chenye makaa yanayowaka. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa vizuri ili kuzuia sauti huzuia pia hewa safi kuingia.

Mkanda wa shingoni wenye namba ya simu ya mwenye mbwa ndio njia rahisi ya kumrudisha akipotea. Namba huweza kuandikwa kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka kwenye dumu na kushonewa kwenye mkanda. Picha ya mnyama ihifadhiwe kwenye simu, iliyopigwa hivi karibuni, ikionyesha alama zake.

Paka ana tabia nyingine

Mengi ya yaliyosemwa juu ya mbwa humhusu paka pia, isipokuwa moja. Mbwa hutafuta watu. Paka hutafuta shimo. Akishajificha juu ya kabati au nyuma ya magunia ya mahindi, kumfuata hakumsaidii. Aachwe huko, awekewe maji karibu na chombo chenye mchanga au majivu ya kujisaidia, na milango ifungwe kuanzia jioni. Wageni wanaoingia na kutoka ndio humfungulia njia ya kutoroka, hivyo mtu mmoja katika nyumba apewe jukumu la mlango.

Paka aliyetoroka kwa kawaida hajaenda mbali. Hukaa kimya mahali pa karibu, chini ya ghala au ndani ya mtaro, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na haitiki hata akiitwa na anayemjua. Kumtafuta usiku kwa tochi, wakati mtaa umetulia, huzaa matunda zaidi, kwani macho yake hung'aa yakimulikwa.

Kuku, mbuzi na ng'ombe

Kuku hufa kwa wingi kwa sababu moja: wakishtuka hukimbilia pembeni na kupandana. Banda lenye pembe kali lizibwe pembe zake kwa mbao, maboksi au majani makavu yaliyobanwa, ili pawe na mviringo. Lifunikwe ili mwanga wa nje usiingie, kuku wasirundikwe wengi mahali padogo, na mwenyewe apite kuwaangalia mara tu milipuko ya kwanza inapotulia. Wakionekana wamelaliana, watawanywe kwa mikono, taratibu. Sungura nao huhitaji kufunikwa, kwa kuwa ni mnyama anayeweza kufa kwa mshtuko pekee.

Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye malisho arudishwe zizini kabla ya jua kuzama. Mbuzi na ng'ombe wenye mimba ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa kukimbia ovyo na kugonga ua huweza kumsababishia mnyama majeraha na kuharibu mimba. Kwa ng'ombe wa Ankole hatari huongezeka kutokana na urefu wa pembe: kundi lililobanwa mahali padogo likishtuka, huumizana lenyewe. Zizi lenye nafasi, lililo mbali na barabara na lisilo na seng'enge zilizolegea, ni salama kuliko uwanja mdogo karibu na nyumba.

Mwishoni mwa Desemba na Januari eneo hilo la Uganda huanza kukauka. Fataki ya kupaa ikidondoka bado ina moto, na nyasi za malisho au paa la makuti huwaka haraka. Ndoo za maji na mchanga zikiwa tayari karibu na zizi zitasaidia watu na wanyama kwa pamoja.

Ndege wa porini hawana mwenye kuwafungia mlango. Usiku wa kuamkia mwaka 2011, maelfu ya ndege weusi walidondoka na kufa katika mji wa Beebe, jimbo la Arkansas nchini Marekani, baada ya kuondoshwa na vishindo katika miti walimolala na kugonga nyumba na nguzo gizani. Nakivale ina ziwa lake lenye ndege wengi wa majini, na kurusha fataki ufukweni hakuna sababu ya msingi.

Dawa: yafaayo na yauayo

Baadhi ya wanyama huogopa kiasi kwamba chakula na blanketi havitoshi. Hao wahitaji daktari wa mifugo, na wakati wa kumwona ni wiki mbili au tatu kabla, kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya au ya jiji. Zipo dawa za kutuliza hofu zinazotolewa kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na katika utafiti uleule wa Bern karibu asilimia 70 ya walioandikiwa dawa na daktari waliona nafuu. Ipo pia dawa ya zamani iitwayo asepromazini, ambayo humlegeza mnyama misuli bila kumwondolea hofu. Kwa nje ameonekana ametulia. Ndani anasikia kila kitu na hawezi kusogea. Anayepewa dawa hiyo peke yake kwa ajili ya fataki ana haki ya kumuuliza daktari kama hakuna nyingine.

Dawa za watu zisiguswe. Kidonge kimoja cha paracetamol huweza kumuua paka. Ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Pombe, ambayo wengine humpa mbwa kwa mzaha siku ya sikukuu, ni sumu kwake hata kwa kiasi kidogo. Mezani napo kuna hatari zake: mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka, na chokoleti huupeleka moyo wa mbwa mbio.

Asubuhi ya tarehe 1, kabla ya kuwafungulia wanyama, uwanja uokotwe mabaki ya baruti. Yana kemikali za kuwasha moto na madini yanayotia rangi, kama bariamu na shaba, na mbuzi au mbwa mdogo atafunaye kila kitu huweza kuyameza.

Milio inayowakumbusha wengine vita

Nakivale, mbwa anayetetemeka chini ya kitanda huenda asiwe peke yake. Wakazi wengi walifika huko baada ya kusikia milio halisi ya bunduki na mabomu, na mlipuko wa ghafla usiku huweza kuwarudisha walikotoka kabla akili haijapata nafasi ya kukumbuka tarehe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu 1 kati ya 5 katika maeneo yaliyopitia vita ana tatizo la afya ya akili. Ni vigumu kuona sherehe gani inayohitaji baruti kulipuliwa karibu na nyumba ya mtu wa namna hiyo bila ya kumwarifu.

Kumwarifu jirani hakugharimu kitu. Mwenye hoteli, kanisa au familia iliyopanga kurusha fataki huweza kutangaza siku chache kabla ni saa ngapi zitaanza na zitadumu kwa muda gani. Nchini Uganda anayetaka kurusha fataki hutakiwa kupata kibali cha polisi, na mara nyingi polisi hutangaza kumbi zilizoruhusiwa kabla ya mwaka kwisha. Kuuliza mapema humpa mwenye mifugo nafasi ya kujiandaa. Masharti hayo hayakuwekwa kwa ajili ya wanyama. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023 watu wasiopungua 9, wakiwemo watoto, walikufa katika msongamano kwenye jengo la maduka la Freedom City mjini Kampala, umati ulipokuwa ukienda kutazama fataki.

Mbwa akipotea, na mtu akiumwa

Mbwa aliyekimbia kwa hofu huweza kwenda mbali kwa usiku mmoja na kutomtambua hata mwenyewe akimwona. Asikimbizwe. Mtafutaji achutame, asimtazame usoni, amwite kwa sauti ya kawaida na kumtupia chakula. Taarifa ipelekwe mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa ofisi ya mifugo na katika makundi ya simu ya majirani, pamoja na ile picha iliyohifadhiwa. Ndani ya makazi, viongozi wa vijiji na sehemu za kuchotea maji ndiko habari husambaa haraka.

Wapitaji, hasa watoto, waonywe wasimshike mbwa wasiyemjua siku hizo. Mnyama mpole akitiwa hofu na kubanwa pembeni huuma. Na hapa ndipo usalama wa mbwa unapogeuka kuwa usalama wa mtu, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo Uganda. Duniani ugonjwa huo hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote hupata maambukizi kwa kuumwa na mbwa. Dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kabla ya dalili, huzuilika.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo ili aanze chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama kituo kiko mbali. Jeraha lisifungwe kwa dawa za kienyeji, pilipili wala mafuta ya taa. Dozi za chanjo hutolewa kwa siku zilizopangwa, na anayeacha katikati kwa sababu kidonda kimefunga hana kinga kamili. Mbwa mwenyewe, akipatikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa mara moja. Akibaki mzima muda huo wote, hakuwa na virusi vya ugonjwa huo katika mate yake siku alipouma. Kumchanja kabla ya Desemba kuanza huondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, na daktari anayekuja kuchanja ndiye huyohuyo wa kuulizwa juu ya dawa ya fataki.